Umepata Mustang? Usiagize Kitu Kwanza

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, hatimaye nimepata Mustang, lile gari la Ford, ya 1968. Hela ya vipuri ninayo kiasi. Niagize nini kwanza kutoka Marekani?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu nililojipa lilinipotezea fundi.

Jibu langu kwako, mdogo wangu: usiagize kitu. Bado kabisa.

Yangu ni ya 1967, kupe (bodi ya milango miwili) ya kawaida, si ile yenye paa la mteremko ambayo kila mtu anaiota. Najua wapo watakaosema Mustang si gari la misuli hasa, yaani lile la Kimarekani lenye injini kubwa ya nguvu, na kwamba mwenye heshima hiyo ni Pontiac GTO ya 1964. Wabishane. Mimi niko chini ya gari.

Namba yake ya chasi inaanza na 7R01C. Siku hizi naisoma kama jina la mwanangu: 7 ni mwaka 1967, R ni kiwanda cha San Jose, 01 ni bodi ya kupe, na C ni V8, injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya midomo miwili. Siku ya kununua sikuisoma. Muuzaji alisema injini ni 302, na kweli juu ya kifuniko cha valvu palikuwa na kibandiko cha 302. Kibandiko! Nikaamini kibandiko nikaacha chuma.

Miaka mitatu ya kutu sitaisimulia. Aliyewahi kulala chini ya gari na grinda, kutu ikimwagikia machoni, anaijua. Twende moja kwa moja kwenye flaiwili, lile gurudumu la chuma linalofungwa nyuma ya injini, kuelekea giaboksi.

Flaiwili ya zamani ilikuwa na ufa unaozunguka matundu ya bolti. Gari ni otomatiki, giaboksi ya C4, kwa hiyo flaiwili yake si lile dude zito. Ni sahani ya chuma yenye meno pembeni. Nilikuwa nimesoma kwamba ziko za meno 157 na za meno 164. Basi nikaketi sakafuni na chaki, nikahesabu, nikarudia kuhesabu. 164. Nilijiona profesa. Nikaingia mtandaoni nikaandika: 302, C4, meno 164. Nikaletewa hichohicho nilichoandika.

Mzee aliyekuwa akinifungia injini aliishika, akaigeuza mara mbili, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, umeilinganisha na ya zamani?"

Nikamwambia nimehesabu meno. Na nilimjibu kwa ile sauti ya mtu aliyesoma, ninyi mnaijua. Akafunga.

Siku injini ilipowaka nilitoka nje nikalia, sitaficha. Ilipokuwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, ilinguruma vizuri. Lakini nilipokanyaga mafuta ikafika mizunguko 2,500 kwa dakika, kioo cha pembeni kikatetemeka mpaka nisione kilichomo, na ufunguo ukaanza kucheza kwenye swichi, tikitikitiki. Nikaachia. Ukatulia. Nikakanyaga tena. Tikitikitiki.

Nikalaumu kabureta, nikaagiza nyingine. Nikalaumu mauntingi za injini, nikaagiza. Plagi, nyaya za plagi, mauntingi ya giaboksi, vyote vilivuka bahari. Kila boksi lilipofika nilikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu, na kila jioni ufunguo uliendelea kucheza. Vipuri vya kulaumu vilipokwisha, nikamlaumu mzee. Tena mbele ya watu. Nikasema amefunga vibaya. Hakubishana. Alifuta spana zake moja moja kwa kitambaa, akazipanga kwenye mfuko, akaondoka.

Injini niliishusha peke yangu. Flaiwili ya zamani nilikuwa nimeitundika ukutani kama pambo. Nikaiteremsha, nikazilaza zote mbili mezani. Kila moja ina kipande cha chuma upande mmoja, uzito wa kusawazisha mzunguko. Cha ile mpya kilikuwa kikubwa waziwazi. Mtoto angeona. Nami nilikuwa nimehesabu meno 164 mara mbili bila kukitazama hata mara moja!

Hizi V8 ndogo za Ford hupata sehemu ya mizani yake nje ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni: kuna uzito nyuma kwenye flaiwili, na mwingine mbele kwenye puli ya krenki. 289 zote, na 302 mpaka mwaka 1980, ni za aunsi 28. Kuanzia 1981, 302 ikabadilishwa ikawa ya aunsi 50. Jina ni lilelile, bolti zinaingia vilevile, gari linawaka vilevile. Mimi mbele nilikuwa na 28 na nyuma nimefunga 50. Na nilipopima mwendo wa pistoni nikapata inchi 2.87, wakati wa 302 ni inchi 3. Kumbe ni 289 siku zote. Namba ya chasi ilikuwa imeniambia tangu siku ya kwanza.

Nilimfuata mzee nikamwomba radhi. Alinipokea vizuri, tukakaa, tukazungumza mengine. Lakini gari lile hajaligusa tena, na kila nikimwona mtu akimsifu kwa kazi yake najisikia vibaya mpaka leo.

Sasa niwaambie ukweli, ndugu zangu. Sisi wapenda magari haya tuna ugonjwa wa boksi. Tunapenda kifurushi kuliko gari. Ukiagiza unajihisi umefanya kazi, kumbe umelipa tu. Kipuri cha zamani kiwe mkononi kabla hujabonyeza kitufe cha kununua. Pima. Piga picha. Kikifika kipya, vilaze pamoja, tazama kila upande, si upande unaoujua wewe tu. Na usitupe cha zamani hata kama kimeoza. Nimesema kilinganishe? Nasema tena, kilinganishe.

Jifunze pia kusoma namba za vipuri. Za Ford za enzi hizo zinasema zenyewe: C7ZZ, kwa mfano, C ni miaka ya 60, 7 ni 1967, na Z inayofuata ni Mustang. Nunua spana za inchi, usilazimishe za milimita ukala vichwa vya bolti kama nilivyokula mimi.

Usafiri nao una mambo yake. Vitu vikubwa kwa ndege mara nyingi havilipiwi kwa uzito wa mizani: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, hizo ndizo kilo zako. Bampa langu kwenye boksi la 170 kwa 40 kwa 30 lilihesabiwa kama kilo 41, na mimi nililibeba kwa mkono mmoja. Ushuru nao nchi nyingi huukokotoa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kwa hiyo nauli unailipia ushuru pia. Kusanya vitu, vije kwa meli. Na ukinunua altaneta iliyofufuliwa, angalia kama wamekutoza amana ya kurudisha ya zamani. Ukiwa ng'ambo amana hiyo ihesabu imekwenda, maana kurudisha chuma chakavu kutakugharimu zaidi.

Sasa nirudi kwako, kijana wa 1968. Unataka kuanza na kitu? Chukua jagi la maji. Chini ya kioo cha mbele pana matundu ya kuingizia hewa, na ndani yake, mahali usipoweza kuona, bati huoza polepole kuzunguka njia ya hewa. Ni ugonjwa mashuhuri wa Mustang za miaka hiyo. Mwaga maji humo taratibu, mtu mwingine awe ndani na tochi, amelala chini ya dashibodi. Kama zulia la miguuni litalowa, hela yako ya kabureta imeshapata kazi nyingine.

Ukishamwaga, niandikie mliona nini.