Baiskeli ilikuwepo

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzi nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, ndoo mbili za dagaa miguuni. Unauliza: "Mama, dada aliishia kidato cha pili, mimi nimemaliza chuo. Ilikuwaje?" Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwenye simu ningekukatia jibu lilelile la tangu utotoni: alipata mimba, akafukuzwa, basi.

Kufukuzwa alifukuzwa. Mwaka 2011 wasichana walipangwa mstari wakapimwa mkojo, na dada yako hakurudi hata kuchukua jembe lake. Yule kijana wa bodaboda akahamia Geita, hatukumsikia tena. Lakini mambo yalianza kuharibika kabla ya kipimo kile.

Shule ya kata ilikuwa kilomita nane kutoka kwetu. Dada yako aliamka saa kumi alfajiri, achote maji ziwani, afagie uwanja, ndipo avae sare. Akifika amechelewa, fimbo. Mwaka wa pili tukampangia geto karibu na shule, yeye na wenzake wawili, mlango hauna hata komeo. Kodi na unga vilitoka kwenye dagaa, na dagaa unawajua: mbalamwezi ikiwaka hawavuliwi, nami nakaa mikono mitupu mpaka giza lirudi. Unga ukiisha geto, mtoto wa miaka 15 atafanyaje? Kuna siku alikuja nyumbani na mfuko wa chipsi. Mimi sikuwa nimempa hela ya chipsi. Niliuona ule mfuko, nikanyamaza.

Halafu kuna ile baiskeli ya baba yako. Ilikuwepo hata kabla hujaanza darasa la kwanza, akibebea samaki. Hakuna aliyetamka kwamba apewe dada yako, nami sikutamka. Ulipoingia kidato cha kwanza mwaka 2015, baba yako mwenyewe aliipeleka kwa fundi, ikavalishwa tairi mpya, ukakabidhiwa. Samaki wakahamia kichwani kwangu. Hakuna aliyesema ni kwa kuwa wewe ni wa kiume. Hakukuwa na haja ya kusema. Na maji hukuchota hata siku moja, nadhani hilo hukumbuki.

Mwaka uliofuata serikali ikafuta ada, ile elfu ishirini ya shule za kutwa. Watu wakashangilia, wakisema sasa mabinti watasoma. Ya dada yako tulilipa yote, risiti ninazo mpaka leo kwenye kopo la maziwa. Sisi tulishindwa na barabara.

Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema aliyepata mimba harudi shule, na mimi, Mungu anisamehe, niliona kama nimepata wa kunitetea. Novemba 2021 redio ikatangaza kwamba waliojifungua sasa wanaruhusiwa kurudi. Tulikuwa tunaanika dagaa. Dada yako akaongeza sauti, akasikiliza mpaka mwisho, akainama tena kuanika. Mwanawe alikuwa na miaka tisa. Nikamwambia, "Wewe umeshachelewa, mama." Neno hilo linanikosesha usingizi kuliko baiskeli.

Maana mwezi uliopita nilimpitia pale sokoni Mwaloni, Kirumba. Alikwenda chooni, nikakaa kwenye meza yake. Chini ya gunia nikaona daftari, limeandikwa QT juu kwa kalamu nyekundu, ule mtihani wa wanaosoma nje ya shule ili wafikie kidato cha nne. Anasoma jioni akishafunga meza! Aljebra inamsumbua, ukurasa mmoja ameufuta na kuufuta mpaka karatasi imetoboka. Nikalirudisha lilivyokuwa. Hajaniambia, sikumuuliza.

Wewe hesabu unaziweza. Ukija Desemba usipitilize kuja kwangu, shukia Mwaloni kwanza, ukae hata wiki. Usimwambie nimekutuma.

Mama yako