Maswali yenu: Talaka na maisha ya jeshi

Tangu niandike juu ya jirani yangu wa hapa Lanet, karibu na kambi ya jeshi, aliyekaa miaka 4 bila kujua kama bado ni mke wa mtu ama la, nimepata meseji nyingi sana, zingine za wake wa wanajeshi, zingine za wanajeshi wenyewe. Mimi si wakili, nimekuwa karani kwa ofisi ya mawakili hapa Nakuru miaka mingi na hizi faili nimezishika na mikono yangu, so nitajibu kile najua. Maswali nimeyafupisha na majina nimetoa.

Bwana yangu ni mwanajeshi wa KDF (jeshi la Kenya), tunaishi kota za kambi. Anasema mke wa mwanajeshi hawezi kwenda korti ya raia, eti ni mkubwa wake kambini ndio anaamua kama tutaachana. Ni ukweli?

Si ukweli dada yangu, na hii nimeisikia mara mingi mpaka inaniuma. Korti ya kijeshi iko kwa sababu ya makosa chini ya Sheria ya KDF ya 2012, kazi yake si kuvunja ndoa ya mtu. Ndoa yenu itavunjwa na hakimu wa kawaida, kwa ile korti majirani zako wote wanaenda, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na kama mlioana Kiislamu mtaenda kwa kadhi. Mkubwa wake anaweza kuwaita mkae chini muongee, padri wa kambi pia, na kama kuna kitu ya kuokolewa hapo mimi nasema nendeni. Lakini hakuna afande mwenye ruhusa ya kukuzuia kufungua kesi. Kitu kimoja tu ujipange nacho mapema, hizo kota ni za serikali, hazigawanywi na hutabaki ndani, so anza kutafuta pa kuweka vitu na watoto kabla hujafungua kesi, usingoje mpaka siku ya kutoka.

Mume wangu yuko misheni Somalia, huu ni mwaka wa pili, simu anapiga mara moja kwa mwezi. Naweza kusema amenitelekeza? Na karatasi za korti atapelekewa aje huko?

Tangu jeshi letu livuke mpaka Oktoba 2011 kuna nyumba nyingi huku Lanet na Gilgil ambazo watu wamezoea kuhesabu miezi, so nakuelewa. Ila mama, kutumwa kazi si kutelekeza mtu. Korti inaangalia nia: alienda kwa amri ya kazi ama aliondoka kwa sababu amekukataa? Sheria inataka awe amekutelekeza miaka 3 ndio hiyo iwe sababu ya talaka, na mtu ambaye bado anapiga simu na anatuma pesa ya chakula hata miaka 5 ikipita utapata shida kuthibitisha. Sasa kama alirudi likizo akalala kwingine, akaacha kutuma pesa, akakwambia wazi mambo yenu imeisha, hiyo ni hadithi tofauti. Andika tarehe. Pia kukosa kukujali makusudi miaka 2 ama kuishi mmetengana miaka 2 kunaweza kuonyesha ndoa imevunjika kabisa, na kuna sababu zingine kama uzinzi na ukatili ambazo hazingoji miaka.

Karatasi zenyewe kawaida tunapitishia kwa mkuu wa kikosi chake, na tangu sheria za korti zirekebishwe 2020 unaweza hata kumpelekea kwa barua pepe ama WhatsApp kwa ile namba anatumia, bora aliyezipeleka aandike kiapo aonyeshe zimefika. Akinyamaza kesi inaweza kuendelea bila yeye. Lakini kama ni kweli yuko mahali hakuna mtandao mwambie hakimu ukweli, usijaribu kumaliza kesi kabla ajue, kwa sababu akirudi ataomba ifunguliwe upya na utakuwa umerudi mwanzo na gharama juu.

Mimi ni mwanajeshi kutoka Kakamega. Miaka 6 nimetuma mshahara kwa mke, akanunua ploti Mawanga akajenga, sasa nagundua taitol iko na jina lake pekee. Tukiachana nimepoteza kila kitu? Na loni ya sako bado inakatwa kwa peislipi yangu.

Pole kaka. Hujapoteza kila kitu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa na jina la mmoja wenu, inachukuliwa kwamba anaishikilia pia kwa niaba ya mwenzake, mpaka yeye aonyeshe vingine. So kuwa na jina kwa taitol si mwisho wa maneno. Na hio nyumba hawezi kuiuza bila wewe kukubali, hata leo, kabla ya talaka. Ukishuku anatafuta mnunuzi nenda ofisi ya ardhi uweke zuio wiki hii.

Sasa niseme kitu hutapenda. Watu wengi huja ofisini wakiamini ni nusu kwa nusu, ama kama wewe, wanaamini aliyetoa pesa ndiye mwenye mali yote. Zote mbili si kweli. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi tarehe 27 Januari 2023 ikasema hakuna kugawa nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mtu athibitishe alichangia nini. Na kuchangia si pesa peke yake, sheria imeandika kabisa: kazi ya nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, hata kuwa mwenzako tu kwa maisha. Wewe ukiwa kazini ni nani alikuwa anaamkia fundi saa kumi na mbili asubuhi, ananunua simiti, anabeba maji, na mtoto mgongoni? Hiyo hakimu atahesabu na mimi naona ni haki. Wewe leta stetimenti za M-Pesa na za benki za miaka yote hiyo, leta meseji mkiongea juu ya ploti, hizo ndio mchango wako. Shamba la kurithi kule nyumbani haliingii kwa mali ya ndoa, labda kama alichangia kuliendeleza.

Loni nayo, kama ulichukua kwa faida ya familia, hapa ikiwa kujenga, ni deni la nyinyi wawili sawa kwa sawa. Sako itaendelea kukata peislipi yako kwa sababu ni wewe uliweka sahihi, lakini kwa hesabu ya kugawana hilo deni liwekwe mezani. Nimeona wanaume wakinyamaza juu ya loni kwa aibu halafu wanalipa peke yao miaka.

Ni lazima nidai talaka ndio nipate pesa ya watoto?

Hapana. Nenda korti ya watoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, ukiwa bado umeolewa ama hata kama hamkuwahi kuoana. Katiba imesema jukumu ni la baba na mama sawa. Beba vyeti vya kuzaliwa, fii ya shule, risiti za hospitali na za chakula.

Akirudi likizo hunipiga. Wenzake wananiambia nisiharibie mtu kazi. Nifanye nini?

Dada, kwanza hospitali, hata kama ni usiku, upate matibabu na karatasi, halafu polisi wakupe fomu ya P3, ile daktari anajaza kuonyesha umeumizwa. Namba 1195 ya kusaidia waliopigwa nyumbani ni ya bure na inashikwa saa 24. Kuna Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, hakimu anaweza kutoa amri asikukaribie wewe na watoto, na hio amri haingoji talaka. Unaweza pia kuripoti kambini, lakini usiache hiyo ikachukua nafasi ya polisi. Kazi yake si wewe unaiharibu, ni mkono wake. Tafadhali usikae ndani ukingoja likizo ingine.

Niko Kisumu. Tulioana kwa ofisi ya serikali 2016, bwana akapata grini kadi akaingia jeshi la Marekani 2019, yuko Texas. Anasema atanipa talaka huko na sitapata hata senti.

Hili swali limekuja kutoka kwa wanne tofauti, wa Kisumu, Siaya na Eldoret. Sikiliza pole pole, hapa ni sheria za Marekani si za Kenya.

Kwanza, mkiwa bado mmeoana jeshi lao la nchi kavu lina kanuni, namba yake ni AR 608-99, inayomlazimu mwanajeshi kusaidia familia yake kama hakuna amri ya korti ama makubaliano. Asipotuma kitu unaweza kumwandikia kamanda wake, uambatanishe cheti cha ndoa. Wengi wao hupata posho ya nyumba ya juu kwa sababu wameandikisha mke, na hio pesa iko kwa ajili yenu.

Pili, penseni. Tangu 1982 sheria yao inaruhusu korti za majimbo kuhesabu penseni ya jeshi kama mali ya kugawanywa. Utasikia watu wakisema "miaka 10" na wanakosea: hio ni kwamba ofisi yao ya malipo itakulipa wewe moja kwa moja kama ndoa na kazi ya jeshi zimeenda pamoja miaka 10. Yenu haijafika hapo kabla ya 2029, lakini chini ya hapo haimaanishi huna haki, inamaanisha yeye ndiye atapaswa kukutumia mwenyewe. Bima ya matibabu ya jeshi kubaki nayo baada ya talaka ni hadi ndoa iwe miaka 20, kazi miaka 20 na zote zimeenda pamoja miaka 20, hiyo usiiwekee matumaini. Fidia ya ulemavu kutoka kwa kazi pia haigawanywi, korti yao kuu ilisema hivyo 2017.

Ukifungua kesi Kisumu unaweza kupata talaka, ila amri ya hapa haitafikia ile penseni. So zikija karatasi za Texas usizitupe kwa hasira, na usiweke sahihi kwa kitu hujasomewa. Jibu kwa wakati. Ukiwa huna pesa ya wakili anza na FIDA, wale mawakili wanawake wanaosaidia akina mama, pale Kisumu wakuelekeze.

Ndoa yetu ni ya kimila, Bungoma, haijaandikishwa. Nikirudisha ng'ombe si imeisha?

Kwa wazee pengine imeisha, kwa sheria bado. Kaeni na wazee kwanza, sheria inakubali hiyo, lakini hati ya talaka inatoka kortini. Kwa kuwa hamkuandikisha, utaulizwa uthibitishe ndoa ilikuwepo: mashahidi wa siku ya mahari, picha, barua ya chifu. Watafute hao wazee mapema wakiwa bado wanakumbuka.