Kabla hujalaumu duka la mbegu, tazama maji ya maharage yako

Juzi dada mmoja kutoka Mbozi aliniandikia. Amepanda maharage meupe, yakatoka machache, mengine akifukua anakuta uji unaonuka. Anauliza kama adai pesa yake dukani. Dada yangu, ujumbe wako umenikalia moyoni siku nzima.

Mwaka 2019, hapa Lushoto, nilipoteza shamba zima namna hiyo. Niliwahi mvua za kwanza za masika, udongo ukiwa baridi na umelowa tepetepe, nikafukia maharage meupe kwa sababu ya bei. Mbegu nilikuwa nimeipura mwenyewe kwa fimbo, ikiwa kavu kupita kiasi. Jirani, ambaye maharage yake mekundu yalitoka yote, aliwaambia watu kanisani kwamba kilimo hakisomwi kwenye simu. Neno lile bado linaniuma.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu mmoja wa udongo. Alichukua glasi mbili za maji, moja akatia maharage mazima, nyingine yale ya kwangu yenye nyufa. Saa mbili baadaye maji ya glasi yangu yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, ukiyasugua kati ya vidole yanateleza. Akaniambia, "Hicho ndicho ulichokuwa unamlisha adui."

Mbegu ikinyonya maji huvuja sukari, asidi amino na mafuta kidogo. Udongoni kuna kimelea kiitwacho Pythium, kinachofanana na kuvu. Hulala, na ute huo ndio unaokiamsha, ndani ya saa chache tu. Maharage meupe huwa yanavuja zaidi kuliko ya rangi, na lenye ufa huvuja kupita yote.

Ila ute huohuo ni ngao. Mwaka 1995 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba mbegu ya figili, ganda lake linapopasuka ili kuota, humwaga protini zinazozuia kuvu na kujizungushia ulinzi. Tena ute huita marafiki. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipanda mbegu za pamba kwenye mboji ya majani, bakteria wakaziwahi na kula yale mafuta yanayoiamsha Pythium. Adui akabaki usingizini. Niliposoma hayo nilikumbuka marehemu bibi, aliyekuwa akitia kiganja cha mboji kwenye kila shimo, nasi tukimwona anapoteza muda.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache kupura mbegu kama tunaua nyoka. Pukuchua kwa mkono ile ya kupanda, hata kama ni debe moja. Chambua yenye ufa, ipeleke jikoni. Subiri udongo upungue maji, tia mboji iliyoiva vizuri. Narudia: chambua. Tunataka mavuno ya kuuza mjini lakini hatutaki kukaa jamvini jioni moja na ungo wa mbegu!

Wewe dada wa Mbozi, fanya kwanza lile jaribio la glasi kwa mbegu iliyobaki. Maji yakichafuka haraka, mbegu imepasuka, na hapo una cha kumwonyesha mwenye duka.

Msimu uliopita nilihesabu mstari mmoja wa maharage meupe. Mashimo 50, yalitoka 46. Jirani alipita asubuhi, akasimama kwenye tuta, akautazama mstari mpaka mwisho, akaniuliza mboji naitoa wapi.