Slabu ya njia moja au mbili? Anza kutazama imekalia nini

Slabu (bamba la zege la sakafu au dari) ya njia moja hupeleka mzigo kuelekea upande mmoja; ya njia mbili huupeleka pande zote mbili. Kanuni inajulikana: gawa upande mrefu kwa mfupi. Jibu likizidi 2, slabu ni ya njia moja. Lisipozidi, ni ya njia mbili. Wengi husahau kwamba hesabu hiyo ni ya slabu iliyokalia bimu au kuta za kubeba pande zote nne. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta mbili tu za kubeba, zinazotazamana, ni njia moja, hata kama jibu ni 1. Ukuta wa kugawa vyumba uliojengwa baadaye chini ya slabu usiuhesabu.

Hiyo 2 inatoka wapi? Chukua vipande viwili vya slabu vinavyokatana katikati. Vimeshikana, kwa hiyo vinashuka sawa, na kushuka hukua kwa kipeo cha nne cha urefu (urefu × urefu × urefu × urefu). Slabu ya mita 4 kwa 5, upande mfupi unabeba takriban asilimia 71. Ya mita 3 kwa 7, asilimia 97. Mrefu hauna kazi ya maana.

Ndiyo sababu nondo za upande mfupi hulala chini kabisa. Slabu ya mm 150, kava (zege linalofunika nondo) mm 25, nondo za mm 10: tabaka la chini lina kina cha mm 120 kutoka juu ya slabu hadi katikati ya nondo, linalofuata mm 110. Fundi akizigeuza, hizo mm 10 zimepotea palipo na mzigo. Kagua kabla zege halijamwagwa, biskuti (vipande vidogo vya kuinua nondo) zikiwa chini ya nondo.

Njia moja nayo inahitaji nondo za kukatisha, yaani zinazovuka zile kuu. Kwa BS 8110, kiwango cha zamani cha Uingereza cha ujenzi wa zege, ni asilimia 0.13 ya zege: slabu ya mm 150 inadai mm² 195 kwa mita, na nondo za mm 8 kila mm 250 zinatoa 201. Weka pia nondo za juu kwenye bimu za upande mfupi, la sivyo slabu itapasuka juu, sambamba na bimu.

Kwa njia mbili, angalia kona ambazo slabu inaishia pande zote mbili. Zinataka kunyanyuka, na bimu inapozizuia ufa hukata kona kwa mshazari. Suka nondo juu na chini hadi moja ya tano ya upande mfupi, yaani sm 80 kwenye ile ya mita 4 kwa 5, kila tabaka robo tatu ya nondo za katikati. Nondo zikipungua saiti, hizi ndizo huachwa kwanza.