Banda umiza, mapumziko ya fainali, na kijana aliyekimbilia Moshi

SWALI

Assalaamu alaykum, Sheikh wangu. Ninaishi Ngarenaro, hapa Arusha. Nina banda umiza la kuonyesha mpira, na kwa miaka 9 ndilo linalolisha wanangu wanne. Kiingilio ni shilingi 500, mechi kubwa 1,000. Sasa kuna ustadhi ametuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Anasema fainali ya Kombe la Dunia la 2026 itakuwa na watu wa uchi wakati wa mapumziko, kama ilivyotokea Marekani mwaka 2004. Anasema mwenye banda ni sawasawa na mwenye danguro na pesa yake ni haramu. Anayetazama udhu wake unavunjika palepale, na swala zake hazipokelewi siku 40. Akamalizia kwamba wanawake ndio walioharibu mpira. Tangu siku hiyo baadhi ya jamaa msikitini hawapokei chai yangu. Nilifikiri nipunguze mechi, pengo nilizibe kwa mashine ya dubwi, ile ya kamari ya sarafu, ambayo jamaa mmoja anataka kuiweka bandani kwa kodi nzuri.

Lingine linaniuma zaidi. Mwanangu wa miaka 14 nilimkuta nyuma ya banda ameshika simu, amesimamisha picha ya dada mmoja aliyeonyeshwa jukwaani kwenye mechi, anaikuza. Nilimchapa kwa mkanda mbele ya wateja. Kesho yake alipanda gari akaenda kwa bibi yake, Pasua, Moshi. Hii ni wiki ya tatu, hataki hata kuisikia sauti yangu. Je, nifunge banda?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Sauti hiyo nami nimetumiwa, na watu watatu, mmoja wao mke wangu. Nilikuwa nimeamua kuinyamazia. Aliyenitoa kwenye kunyamaza ni kijana wako, na nitamfikia. Nianze na banda, maana ndilo jepesi.

Usifunge.

Mteja anayekupa shilingi 500 anakodi benchi, kivuli na dakika 90 za mpira. Mahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akamsitiri Bibi Aisha atazame mpaka alipotosheka mwenyewe. Kutazama mchezo wa halali ni halali, na ujira wa kuuonyesha ni halali. Wanao hawajala haramu miaka yote hiyo. Atakuja mtu aseme, na mapaja ya wachezaji je? Kweli, kwetu Washafii paja la mwanamume ni uchi. Lakini Imamu Bukhari aliipima hadithi ya Anas, inayotaja paja likiwa wazi, na ile ya Jarhad, inayoliita paja uchi, akasema ya Anas ina isnadi (mlolongo wa wapokezi) yenye nguvu zaidi na ya Jarhad ina tahadhari zaidi. Pale Bukhari alipoishia kwenye neno "tahadhari", mtu wa WhatsApp ameruka mpaka "danguro".

Neno hilo limenikera kuliko yote. Mwenye danguro anauza uzinzi wenyewe. Uondoe, hana biashara. Ondoa kila picha chafu kwenye skrini yako, wateja wako watabaki palepale wakibishania Simba na Yanga mpaka usiku. Qiyasi, yaani kulinganisha jambo na jambo ili kulipa hukumu, inataka sababu ya hukumu iwe moja pande zote mbili, na hapa si moja. Kumwita Mwislamu kuwadi, mbele ya mtaa mzima, kwa sababu ya kamera asiyoishika yeye, ni kumvunjia heshima. Heshima ya mtu ina deni, na deni hilo halilipwi kwa kufuta ujumbe.

Halafu hizo siku 40. Hadithi ipo, tena ni sahihi, ameipokea Imamu Muslim: anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi usiku 40. Ipo na nyingine kuhusu mnywaji wa pombe. Ya mtazama televisheni haipo. Huyu bwana amechukua adhabu ya mwendea mganga akamvisha mtazama mpira, kama fundi anayetia kiraka cha kaniki kwenye kanzu nyeupe. Tena hata hao waliotajwa kwenye hadithi hawakuambiwa waache kuswali. Wanazuoni wameeleza kwamba wanachokosa ni thawabu, faradhi inabaki shingoni mwao. Nalisema hili kwa sababu nimeletewa habari za vijana wawili wa hapo kwenu ambao tangu waisikie sauti ile wameacha kuswali kabisa. Hoja yao: si hazipokelewi? Hayo ndiyo matunda ya mahubiri yasiyo na elimu. Alikuja kuwaokoa macho, akawanyang'anya sijida.

La udhu ni fupi. Kile kitabu kidogo cha fikihi tulichoanzia sote chuoni, tukiwa tumekalia mkeka, kinahesabu vitanguzi vinne: kinachotoka kwenye njia mbili, kupotewa na akili kwa usingizi au kingine, ngozi ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu kugusana, na kugusa utupu kwa kiganja. Jicho halimo. Dhambi ya jicho ipo, lakini hiyo hutubiwa, haioshwi kwa maji ya birika.

Sasa hilo la 2004, ambalo ustadhi analitaja mara nyingi bila kulisimulia. Ilikuwa tarehe 1 Februari, mjini Houston, kwenye fainali ya mpira wa Kimarekani waiitayo Super Bowl. Kwetu Arusha ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 2. Wakati wa mapumziko mwimbaji Justin Timberlake alivuta kipande cha vazi la Janet Jackson, na titi likaonekana kwa muda usiotimia sekunde moja. Malalamiko zaidi ya 540,000 yakafika kwenye tume ya mawasiliano ya nchi ile. Kituo cha CBS kikatozwa faini ya dola 550,000, kikakata rufaa, na kesi ikazunguka mahakamani mpaka 2012, faini ikiwa imefutwa. Nani alibeba fedheha? Wiki ile iliyofuata Timberlake alipanda jukwaani kwenye tuzo za Grammy, akachukua tuzo zake. Janet hakuwepo. Mwaka 2018 Timberlake akaalikwa tena kuongoza onyesho la mapumziko la Super Bowl hiyohiyo.

Unaona ninapokwenda. Aliyeivuta nguo akarudishiwa jukwaa, aliyevuliwa akabaki na jina. Na miaka zaidi ya 20 baadaye, mtu anakaa Arusha anarekodi sauti kwamba wanawake ndio walioharibu mpira! Afungue Suratun-Nur. Aya ya 30 inasema: "Waambie Waumini wanaume wainamishe macho yao, na wazilinde tupu zao." Ya wanawake ni aya ya 31. Mola wetu alianza na sisi. Sijawahi kumsikia ustadhi huyu akianza na sisi.

Wakati mwingine hao wanawake wanalazimishwa. Mwaka 2021 timu ya wanawake ya Norway, wanaocheza mpira wa mikono wa ufukweni, ilitozwa faini ya euro 1,500 na shirikisho la Ulaya. Kosa lao? Walivaa kaptula, na kanuni ziliwataka wavae chupi ya kuogelea. Faini kwa kujisitiri! Hao si Waislamu, hawakuwa wakifuata aya yoyote. Ni haya tu aliyoumbiwa binadamu. Kelele zikapigwa dunia nzima, na mwaka huohuo kanuni ikabadilishwa. Natamani tungelikuwa sisi wa kwanza kupaza sauti kwa ajili yao. Tulikuwa tunawalaani.

Tofautisha basi mchezaji na kamera. Mchezaji anakimbia, kuna mtu amekaa kwenye gari la matangazo anayechagua picha ya nani ikuzwe, na kwa sekunde ngapi. Wenye mpira wanalijua hili. Kwenye Kombe la Dunia la Urusi mwaka 2018, FIFA iliwaambia warushaji matangazo wapunguze kuwaandama warembo majukwaani kwa kamera. Kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, mkuu wa matangazo alisema mashindano yale hayatakuwa na picha za kuvuta miili ya wanawake karibu kama zamani. Wameliona wao kwa kuhesabu malalamiko. Sisi tuliokuwa na aya tangu zamani tumekalia kumzomea dada aliyekata tiketi yake akashangilia timu yake.

Usije ukadhani nimewapa ushindi wa upande wa pili, wale wa barazani wanaoniambia, Sheikh, mtazamo wa kwanza si ni wetu? Mtume (s.a.w.) alimwambia Ali asifuatishe mtazamo kwa mtazamo: wa kwanza ni wako, wa pili si wako. Hawa wamegundua njia ya kuurefusha wa kwanza mpaka marudio. Kilichokukuta ghafla hakina dhambi, ulichokisubiri kinayo. Ibn Umar alisikia filimbi ya mchungaji njiani, akatia vidole masikioni, akapinda njia, akawa anamuuliza Nafii, aliyefuatana naye, unasikia bado? Hakumfukuza mchungaji, wala hakusimama kusikiliza kwa kisingizio kwamba yeye alikuwa anapita tu. Kamera ikikuletea kisichokuhusu katikati ya mechi, fanya hivyo kwa macho.

Ila mapumziko ya fainali ni jambo jingine, na hapo nakubana. FIFA ilitangaza mwaka 2025 kwamba fainali ya 2026, tarehe 19 Julai huko New Jersey, itakuwa na onyesho la muziki wakati wa mapumziko, jambo geni kwa fainali ya Kombe la Dunia. Onyesho ambalo halijafanyika huwezi kulihukumu uchi wake, na ustadhi ametangulia mno. Lakini wewe si mtazamaji tu, ni mwenye mlango, na rimoti iko mkononi mwako. Wateja hawakukulipa kwa ajili ya muziki. Kwenye ule ubao wa chaki unaoandikia ratiba, andika mapema: mapumziko skrini inazimwa. Washa taa, toa chupa za chai na sahani ya kashata, wacha wachambue kipindi cha kwanza. Watakaonung'unika watakuwepo, wamenung'unika umeme ulipokatika pia, na wakarudi kesho yake. Mpira wenyewe utaanza saa nne usiku kwa saa zetu, kwa hiyo watoto wadogo wawe nyumbani hata kama baba zao wanawalipia.

Mashine ya dubwi hukuniuliza, umeitaja kama kwa kupitia tu. Nakujibu hivyohivyo: usiiingize. Al-Maida, aya ya 90, kamari imewekwa safu moja na pombe. Ulikuwa unaogopa pesa yenye shaka, ukataka kuikimbilia isiyo na shaka kwamba ni haramu. Na ajabu, ile sauti ndefu yote haikuugusa mkeka wa kubeti hata kwa neno moja, na wenye mikeka wako safu ya kwanza nyuma ya imamu.

Hiyo ndiyo hukumu, wallahu aalam. Sasa kijana.

Katika Hija ya kuaga, siku ya kuchinja, Fadhl bin Abbas alikuwa amepanda nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya mnyama mmoja. Alikuwa kijana mzuri wa sura. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kumuuliza Mtume kuhusu baba yake mzee asiyeweza kukaa juu ya kipando: je, amhijie? Fadhl akawa anamwangalia yule mwanamke, naye anamwangalia Fadhl. Mtume akamgeuza Fadhl uso kwa mkono wake. Mwanamke akapata jibu la swali lake, na Fadhl akaendelea na safari palepale alipokuwa, mgongoni mwa Mtume. Abbas, baba wa kijana, aliuliza kwa nini ameigeuza shingo ya binamu yake. Akajibiwa kwamba aliona mvulana na msichana, hakuwa na uhakika Shetani atawaacha salama. Basi. Nilipokuwa nahesabu tarehe ya ile fedheha ya Houston, nikakuta mchana wa siku ile Makka ilikuwa Idi ya kuchinja, siku ileile ya Fadhl. Nililiwaza hilo kwa muda.

Mkono wako uliushika mkanda. Nakuelewa. Ulikuwa umetukanwa mtaa mzima, ukamkuta mtoto akifanya kile hasa ulichotukaniwa, ukamchapa yeye kwa niaba ya ustadhi. Lakini ndugu yangu, mtoto huyu amekulia bandani tangu ana miaka mitano, gizani, katikati ya watu wazima na midomo yao. Sauti imevunjika, mwili umebadilika. Nani alimketisha akamwambia kinachotokea? Janaba alifundishwa na nani, wewe au wenzake? Alichofanya ni kosa, nami sikifuti. Alikuwa amejificha nacho, maana yake aliona haya, na haya ndiyo mtaji uliobaki mkononi mwako. Wewe ukamtoa nayo mbele ya wateja.

Nenda Moshi. Usimpigie bibi yake simu kwanza, atamwambia, naye atatoka. Panda gari baada ya swala ya alfajiri, chukua sukari na majani ya chai kwa bibi, kaa uani mpaka kijana aamke. Mwombe radhi kwa kumpigia mbele za watu, kwa maneno hayohayo, usiyazungushe. Ya simu yaje baadaye, mkiwa wawili, hata kama ni siku ya pili, na umsimulie ulivyokuwa wewe ukiwa na miaka 14. Akikataa kurudi nawe, rudi peke yako, halafu nenda tena. Bandani asikanyage kwa sasa, ila shule aliyoikosa wiki tatu usimdai yeye, mdai mkanda wako.

Na wale wasiopokea chai yako, Ijumaa hii nitaswali Ngarenaro. Niwekee kikombe, cha tangawizi, nitakunywa hapo nje ya msikiti watu wakitoka.