Mbona kompyuta nyingine hazifuati setingi za seva?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Ofisini tunafanya bakapu ya kompyuta zote kwa BackupPC (programu ya seva inayohifadhi nakala za kompyuta nyingine). Juzi nimepandisha FullKeepCnt (idadi ya bakapu kamili za kutunza) kwenye config.pl, lile faili kuu la setingi, ili bakapu kamili zitunzwe nyingi zaidi, nikaongeza na folda za kurukwa, kompyuta nyingi zimefuata ila chache zimegoma, na ya mhasibu inabeba mpaka mafaili ya tempu. Nalinganishaje bila kufungua moja moja?

JIBU: Hazijagoma ndugu yangu, kila kompyuta inaweza kuwa na faili lake la .pl, na kilichoandikwa humo kinashinda kilichopo config.pl. Ukishaweka tiki kwenye kile kiboksi cha Override kwenye ukurasa wa setingi za kompyuta husika basi setingi hiyo imekatika na faili kuu, ubadilishe huko juu mpaka kesho haishuki. Pia wengi wakiongeza kompyuta mpya wanaandika mpya=yazamani (jina la mpya, halafu la ile ya kunakili setingi zake) ili wasianze upya, sasa hapo inanakiliwa mara moja tu, na tiki zote za ile ya zamani zinahamia huku bila mtu kushtuka.

Kulinganisha, ingia seva, nenda kwenye folda la hayo mafaili (Debian na Ubuntu ni /etc/backuppc) andika grep '^\$Conf' *.pl (grep ni amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili), utaona kila faili limejiwekea setingi gani. FullKeepCnt ikitokea nje ya config.pl ushampata mchawi. Ukikuta FullPeriod (siku kati ya bakapu kamili) ni 6.97 usiigeuze kuwa 7, imepunguzwa makusudi ili bakapu ya wiki isiwe inachelewa kidogo kidogo.

Ya mhasibu nina wasiwasi nayo zaidi. BackupFilesExclude, ile orodha ya folda za kurukwa, haijumlishwi, yani mtu akiweka folda moja tu kwenye faili la kompyuta, orodha yote ya config.pl inafutika kwa kompyuta hiyo, na grep itakuonyesha mstari wa kwanza tu kwahiyo faili lake la .pl lifungue ulisome lote. Kama hana folda la peke yake la kuruka toa tiki arudi kwenye orodha kuu, kama analo nakili orodha kuu yote kwake halafu uongeze hilo lake.

Ukikwama nitumie majibu ya grep, ila kwenye hayo majibu futa kwanza mistari ya SmbSharePasswd na RsyncdPasswd, maana paswadi zimeandikwa humo wazi wazi.