Kishikwambi mkononi: kwa mwalimu wa ajira mpya

Mwalimu mwenzangu, karibu kazini. Vishikwambi vingi vilivyopo shuleni leo ni vile walivyotumia makarani wa Sensa ya Agosti 2022, kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Ukipangiwa shule ya mbali na mjini, huenda hicho ndicho kitakachokuwa kompyuta yako pekee. Humo utapokea maelekezo ya afisa elimu kata, utatuma takwimu za wanafunzi, na utatafuta vya kufundishia. Kinatosha kabisa, mradi ujue namna ya kwenda nacho.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usifungue barua pepe kama huna nafasi ya kuishughulikia. Barua isiyosomwa huonekana kwa maandishi mazito. Ukiichungulia ukiwa kwenye bodaboda, uzito ule unaondoka, nayo inazama chini ya nyingine. Jioni hukumbuki tena kwamba ofisi ya kata inangoja majibu. Kama imebidi uichungulie, irudishe kwenye hali ya kutosomwa kabla hujazima kioo. Mimi nasoma barua asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia mstarini, na tena baada ya vipindi. Katikati ya hapo arifa zote nimezizima. Mwalimu anayetazama kioo huku anafundisha hawezi kufanya vyema hata kimoja, na watoto wanaliona hilo upesi sana.

Ukituma, mfikirie anayepokea. Afisa elimu kata anapokea barua za shule zote za kata yake, na nyingi zimeandikwa neno moja juu: TAKWIMU. Wewe andika jina la shule, jambo lenyewe na mwezi, kwa mfano "Mahudhurio ya Machi, darasa la nne hadi la saba", ukitanguliza jina la shule. Faili nalo lipe jina hilo hilo. Picha inayokwenda na jina la tarakimu tupu ililopewa na kamera haitapatikana tena itakapotafutwa mwezi wa sita.

Viambatisho ndivyo vinavyomaliza bando. Picha moja ya ukurasa wa rejesta inaweza kufika MB 4. Kurasa kumi ni MB 40, na Gmail haikubali kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25 kwa barua moja. Tena faili likishaingia kwenye barua huongezeka ukubwa kwa karibu theluthi, kwa sababu hugeuzwa kuwa herufi ili lisafiri. Kwa hiyo usipige picha moja moja. Programu ya Google Drive ina sehemu ya kuskani: unapiga kurasa zote mfululizo, inazikata kingo na kuziunganisha kuwa PDF moja, ambayo kwa kawaida huwa nyepesi zaidi. Ifungue mwenyewe kabla ya kuituma, uikuze, uone kama majina yanasomeka.

Mtandao ukikatika, endelea kuandika. Programu ya Gmail huiweka barua kando na kuituma mtandao ukirudi. Lakini pitia folda ya zinazosubiri kutumwa kabla ya kulala, maana barua iliyokwama humo wewe utadhani imefika.

Kwenye kuperuzi, fanya kazi nzito pale penye mtandao mzuri. Ukiwa mjini siku ya mshahara, fungua kurasa unazozihitaji kwa wiki na uzipakue ndani ya Chrome. Zitasomeka hata penye mtandao wa kubabaisha. Siku matokeo ya mitihani yanapotangazwa, fungua ukurasa wa shule yako mara moja, upakue, kisha tumia kitafutio cha ndani ya ukurasa kumpata mtahiniwa kwa namba yake. Hakuna haja ya kuupakia upya kwa kila mzazi anayekuja kuuliza.

Na hapa naomba uwe makini sana. Anwani za taasisi za Serikali huishia na .go.tz: Baraza la Mitihani ni necta.go.tz. Kikitokea kiungo chenye maneno "necta" na "tz" lakini kinaishia na .com au kitu kingine, kiache. Ndani ya barua, bonyeza kiungo na ushikilie bila kuachia. Anwani halisi itajitokeza uisome. Walimu wa ajira mpya wanawindwa kwa barua za uhamisho na mikopo, na anayewinda anajua kwamba kwenye kioo kidogo wengi hawaisomi anwani hadi mwisho.

Kama kifaa mnakitumia wawili au watatu, usiache akaunti yako wazi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaombwa pia uthibitisho kupitia simu yako, na zile namba za akiba unazopewa ziandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani pamoja na vyeti vyako. Laini ya simu ikipotea, hizo ndizo zitakazokuingiza.

Siku ukipata uhamisho, kabla ya kumkabidhi mwalimu mkuu kifaa, ingia kwenye mipangilio uiondoe akaunti yako ya Google kwanza, ndipo ufute vilivyomo. Ukiruka hatua hiyo na kifaa kikafutwa kwa njia nyingine, kikiwashwa kitadai akaunti yako ya zamani, na mwalimu anayekupokea kijiti atabaki amekishika tu, hawezi kukitumia hadi akupate kwa simu.